Tunataka Kupima Hofu Yako

Acocks Green, Birmingham
9 Februari 2025

Nyanya yangu Bochaberi,

Habari za Keroka, na goti lako linasemaje? Sisi huku tuzima, ila baridi inatutembeza tumejikunja. Jairus anakusalimu. Bado yuko na wazee wake wa kazini kule Longbridge, anawaogesha na kuwalisha siku nzima, halafu akifika nyumbani kwake anadai hana nguvu ya kuosha kikombe. Mume uliyenisifia ndiye huyo. Audrey ametimiza miaka kumi na mitatu na amenipita urefu. Kiswahili anakielewa chote, hasa kile ninachomsema nacho, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulipiga marufuku mambo ya mwili kwenye simu. Ulisema simu ni ya misiba na ya kuuliza kama mvua imenyesha. Hili langu halimo kati ya hayo mawili.

Unajua kazi yangu hapa kliniki ni kupima akina mama kansa ya mlango wa kizazi. Huku mwanamke akifika miaka ishirini na mitano anaandikiwa barua aje apimwe. Anakuja, analala, tunachukua ute kidogo kwa kiburashi, anavaa, anakwenda zake. Sasa mtaani kwetu wamehamia Wachina wengi, hasa wa kutoka Hong Kong, na akina mama wao hawaji. Barua wanapata, ila hawaji. Beverly, mkuu wetu wa manesi, mama mwenye asili ya Jamaika asiyecheka kabla ya saa sita mchana, aliniita akaniambia: "Moraa love, you talk to everybody. Go and talk to them." Nikajua nimepatikana.

Nimewafuata wanakokutana kila Jumanne, ukumbi wa kanisa karibu na stesheni. Wanakunywa chai isiyo na maziwa wala sukari, Nyanya, na wanaifurahia. Wanacheza mchezo wa vipande vinavyogongana utadhani mtu mwenye hasira anaosha sahani. Kiongozi wao ni Suk-yin, ana miaka hamsini na minne, kwao alikuwa karani wa benki, huku anapanga mikate dukani. Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi. Nilipoeleza shida yangu aliwatafsiria wenzake, wote wakatazama meza. Mmoja akasema haumwi popote, kwa nini akatafute ugonjwa. Mwingine akasema mumewe alifariki miaka minane iliyopita na duka limefungwa. Wa tatu alisema akionekana kliniki watu watafikiri amefanya mambo. Halafu wakanimiminia chai nyingine, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kunifukuza.

Wewe umeongoza akina mama wa Dorkasi kanisani miaka thelathini. Uliwaachisha hata ugoro. Mwanamke asiyetaka kuvua anashawishiwa vipi?

Mjukuu wako,
Moraa


Keroka
1 Machi 2025

Moraa mjukuu wangu,

Barua imefika na nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nimekupa saba kwa kumi. Mbili nimekata kwa mwandiko, moja kwa kumsema mume wako mbele ya mwalimu wake.

Goti halisemi lolote jipya. Ng'ombe amezaa dume, hasara. Mchungaji wetu mpya ana miaka thelathini na moja na anahubiri akiwa amefumba macho, sasa sisi nyuma tunalala kwa amani. Mvua imenyesha. Hiyo nimekuambia bure.

Sasa wanawake wako. Kwanza, ulikosea kuwafuata na maelezo. Mwanamke hahitaji kuelezwa kuhusu huko, anaishi nako. Wale wa Dorkasi sikuwaachisha ugoro kwa mahubiri. Nilimwachisha mmoja mwenye mdomo mkubwa, yeye akawasumbua wengine mpaka wakachoka. Huyo Suk-yin ana mdomo? Basi anza naye na uwaache wengine wamalize chai yao.

Pili, jifunze maneno yao. Huwezi kumwambia mtu avue kwa lugha ya kukopa. Ukikosea watacheka, na mwanamke akishacheka ameshalegea nusu.

Tatu, huyo anayesema duka limefungwa, mwambie hata duka lililofungwa huingia panya.

Halafu nina swali. Umeniandikia kurasa tatu kuhusu Wachina. Wewe mwenyewe umepimwa lini? Una miaka arobaini na miwili. Mama yako Kemunto alituacha akiwa na thelathini na sita. Mimi nauliza tu, bibi na mjukuu hatuna mipaka. Wewe na mama yako msingeweza kuzungumza haya, kwetu mama na binti hawashuki chini ya kitovu. Lakini mimi na wewe tunaruhusiwa mpaka vidole vya miguu.

Nyanya yako,
Bochaberi, Mwalimu Mstaafu


Acocks Green
27 Machi 2025

Nyanya yangu,

Asante kwa alama saba. Hasara ya ng'ombe pole. Audrey anasema dume naye ana haki ya kuishi, ameacha nyama tangu Januari. Nilimpikia matumbo akanitazama kama muuaji.

Nimefuata shauri lako, na sasa sikiliza lililonipata.

Nilimwomba Suk-yin anifundishe sentensi moja tu: tunataka kupima mlango wa kizazi chako. Kumbe kizazi wao wanakiita kasri la mtoto. Na kile sisi tunachokiita mlango au shingo, wao nao wanakiita shingo, shingo ya kasri la mtoto. Nikafurahi. Nikamwambia hata Waswahili wanasema shingo ya kizazi, basi sisi ni ndugu. Shingo kwao ni "geng", lakini lazima upandishe sauti mwishoni kama unayeuliza. Wiki nzima nimetembea ndani ya basi namba kumi na moja nikisema geng, geng, mpaka abiria mmoja akahama kiti.

Jumanne ikafika. Nikasimama mbele ya wanawake kumi na wawili, nikaitoa sentensi yangu kwa sauti ya mwalimu, yaani sauti yako. Kisha ajuza mmoja akaweka kipande chake cha mchezo chini, akaanza kutetemeka mabega. Mara ukumbi mzima unacheka, mmoja anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Suk-yin akaniambia nisipopandisha sauti, nikiiacha tu huko juu, geng hiyo hiyo maana yake ni kuogopa. Nilikuwa nimewaambia kwa heshima zote: tunataka kupima hofu ya kasri lako la mtoto.

Nyanya, mimi Mkisii! Lugha yetu yenyewe ni ya kupandisha na kushusha, na bado nikaanguka.

Ila ulisema kweli kuhusu kucheka. Ajuza yule alizungumza, Suk-yin akatafsiri: "She says yes, that one you should check, hers is very big." Wakaanza kusema. Wanaogopa kile chuma cha kufungulia, wao wanakiita mdomo wa bata. Wanaogopa daktari atakuwa mwanaume. Yule mjane anaogopa majibu yakiwa mabaya watoto wake watauliza alikuwa na nani. Nikawaeleza kwamba kirusi kinacholeta kansa hii kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka kimya, na kwamba karibu kila aliyewahi kulala na mtu amekutana nacho, hata kama ni mume mmoja wa ndoa ya kanisani. Walinihoji saa nzima. Hakuna aliyekubali kuja, lakini safari hii chai waliyonipa ilikuwa na keki.

Jairus anakusalimu tena. Theluji imeisha. Nimenunua koti la kijani.

Moraa


Keroka
19 Aprili 2025

Moraa,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Kasri! Wachina wana adabu. Langu lilitoa watoto tisa, hilo halikuwa kasri, lilikuwa bweni. Na huo mdomo wa bata, mimi bata wangu walikuwa wanauma, kwa hiyo nawaelewa.

Lakini sijapumbazika. Nimesoma barua yako mara mbili. Umenijibu kuhusu dume, kuhusu matumbo, kuhusu theluji, umenieleza mpaka rangi ya koti. Swali langu umeliruka kama dimbwi. Mimi nimesimamia mitihani miaka thelathini na minne, Moraa. Mtoto asiyejua jibu huandika sana kwenye maswali mengine.

Mchungaji ameoa. Sasa anahubiri macho wazi.

Nauliza tena: umepimwa lini?

Nyanya yako


Acocks Green
14 Mei 2025

Nyanya,

Tuko wazima. Audrey ana mitihani. Basi, salamu zimeisha.

Sijapimwa. Sijawahi. Nina miaka kumi na moja nchi hii na barua tatu za kuniita ziko kwenye droo ya soksi. Ya mwisho Jairus aliikuta, akasema, "Moraa, hii letter ume-open kweli ama unatia soksi joto nayo?" Nikamwambia nitaenda wiki ijayo. Hiyo ilikuwa Oktoba.

Mimi ninapima wanawake hata kumi na watano kwa siku. Najua kila kinachofanyika, nawaambia wavute pumzi, nawaambia haina neno. Wenzangu wote kliniki wanadhani nilishapimwa kwingine.

Sasa Suk-yin ameniweka pabaya. Jumanne iliyopita alikuja kunisindikiza hadi kituo cha basi. Akaniambia yuko tayari, na yeye akija wengine watano watamfuata, wameshakubaliana. Halafu akauliza, bila hata kupunguza mwendo: "And you, Moraa, when was yours?" Nikasema mwaka jana. Ulimi ulijibu wenyewe. Alinitazama kidogo, akasema atafikiria tena. Hajanipigia tangu siku ile, na Jumanne hii ukumbini kiti chake kilikuwa kitupu.

Naogopa, Nyanya, ndiyo sababu sijaenda. Nina sababu nyingine nzuri nzuri ambazo huwa najiambia, lakini zote ni hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano mama alipokufa. Mlituambia ni tumbo. Nilikuwa naosha mashuka yake, nilikuwa najua tumbo halitoi damu namna ile wala harufu ile. Miaka mitano baadaye, chuoni, mwalimu wa uuguzi alieleza dalili moja baada ya nyingine, nikatoka darasani nikakaa chooni mpaka kipindi kikaisha. Huku kila daktari anauliza: kuna mtu katika familia aliyeugua kansa? Nami huwa nasema hapana, ni tumbo tu.

Na mimi nina swali basi. Ulijua?

Moraa


Keroka
28 Juni 2025

Moraa,

Barua yako ilifika tarehe tatu. Nimeandika jibu mara nne, zote nimewashia jiko.

Nilijua.

Kemunto alikuja kwangu mwezi wa pili mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa nachambua mboga. Akasema, "Mama, nguo zangu zinachafuka siku ambazo si zake." Hivyo tu, akitazama ukuta. Nimekuambia mama na binti hawashuki chini ya kitovu. Yeye alijaribu kushuka, na mimi nikamrudisha juu. Nilimwambia ni uchovu wa uzazi, anywe supu.

Alirudi tena baada ya miezi mitano. Safari hii alisema anataka kwenda hospitali ya misheni. Daktari pale alikuwa Eric, kijana niliyemfundisha darasa la nne, niliyemchapa kwa kuiba penseli. Nikaona aibu, Moraa. Niliona yule Eric akimtazama binti yangu huko, halafu Sabato anikute kanisani anisalimie "Mwalimu" na mimi nijue anachokijua. Nikamwambia Kemunto: "Usinitie aibu. Vumilia." Alikuwa na watoto wanne, na aliniitikia kama mtoto mdogo. Alipokwenda hospitali ilikuwa kwa kubebwa, miaka miwili tangu siku ya mboga. Eric mwenyewe ndiye aliyetuambia. Alilia. Mimi nikamwomba aandike tumbo kwenye karatasi, akakataa, basi nikaitia karatasi motoni na kuwaambia watu tumbo.

Ndiyo sababu nakusumbua. Huwa nafanya utani kwa sababu nikiacha utani sijui nitasema nini.

Nikasirikie ukitaka, una haki, na mimi sina pa kujificha umri huu. Lakini kakasirike ukiwa umelala juu ya kile kitanda chenu. Sitazika mwingine kwa neno "vumilia". Nenda.

Bochaberi


Acocks Green
2 Septemba 2025

Nyanya,

Nilikukasirikia wiki tatu. Nilikuandikia barua mbaya sana, yenye makosa ya sarufi kwa makusudi. Niliichana. Nilikuwa namwona mama ameshika mlango wa jikoni kwako, na kila nikimwona nilitaka kukupigia simu nipige kelele. Hasira hazijaisha zote, nakuambia ukweli. Lakini nilikwenda.

Kwanza nilikwenda dukani kwa Suk-yin. Nilipanga foleni na mkate mkononi, nikafika mbele nikamwambia, nilikudanganya, sijawahi kupimwa, mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Watu nyuma yangu wanasubiri kulipa. Akasema, "I know. You answered too fast." Akavua aproni. Nyanya, aliniuliza siku na saa palepale, akaiandika kwenye karatasi ya kufungia mkate.

Alhamisi alikuja kliniki. Nilidhani atakuja peke yake. Walikuja sita, pamoja na yule ajuza, na ajuza umri wake wa kuitwa ulishapita. Walijaza chumba cha kusubiri na chupa zao za chai ya moto. Kijana wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa wote ni familia yangu, nikasema ndiyo.

Beverly ndiye aliyenipima. Nilipolala miguu ilikataa kufunguka. Mimi, ambaye huwaambia watu wavute pumzi! Nilimtukana Beverly kwa Kikisii, naye akajibu, "Same to you, darling," akaendelea na kazi. Suk-yin alikuwa upande wa kichwa changu amenishika mkono. Nilipotoka, wale wengine wakanikagua kuanzia juu hadi chini. Ajuza akanibonyeza shavu. Kisha Suk-yin akaingia, na baada yake wakaingia wengine wanne, mmoja mmoja. Yule mjane aliingia wa mwisho, akatoka akasema kitu wakacheka wote na hakuna aliyetaka kunitafsiria.

Majibu yao wote ni mazuri, isipokuwa mmoja atakayerudia baada ya mwaka. Yangu hayakuwa mazuri. Kirusi kipo, na seli zilikuwa zimeanza kubadilika, zile za hatua ya mwisho kabla ya kuwa kansa. Nimekwenda hospitali wakaziondoa kwa waya mdogo wa moto, nikiwa macho, na Jairus amekaa nje anasali na kula biskuti. Daktari ameniambia si kansa. Kasema kama ningeziacha miaka mingine michache, angekuwa ananiambia neno jingine. Nitarudi kuangaliwa baada ya miezi sita. Juzi Jairus aliosha vyombo vyote bila kuambiwa, kwa hiyo naona aliogopa kweli.

Yule daktari aliuliza lile swali lao, kama kuna mtu katika familia. Nikasema ndiyo, mama yangu, Kemunto, kansa ya mlango wa kizazi. Akaandika. Nilitazama akiandika mpaka akamaliza.

Ungenyamaza nisingekwenda. Hilo nalo ni kweli, ulishike pamoja na yale mengine.

Moraa


Keroka
11 Oktoba 2025

Moraa wangu,

Barua yako niliisomea bandani, ng'ombe akinitazama. Nimelia na nimemshukuru Mungu, na Beverly, na wale Wachina, kwa mpangilio huo.

Sabato iliyopita wakati wa matangazo nilisimama. Mchungaji alidhani nataka kusema habari za harambee. Nikasema: Kemunto wangu hakufa kwa tumbo, alikufa kwa kansa ya mlango wa kizazi, na mimi mama yake ndiye niliyemzuia kwenda hospitali kwa sababu ya aibu. Mchungaji akaanza kukohoa. Nikamwambia amalize, nitasubiri. Alipomaliza nikawaambia Dorkasi wote kwamba Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye lango la hospitali, na asiyekuja nitakwenda kumsalimia kwake kila siku. Wananijua.

Walikuja kumi na saba.

Nesi ni msichana mmoja anaitwa Jelagat, wa upande ule wa pili wa mpaka, wale tuliozoea kugombania ng'ombe nao, lakini ana mikono laini. Alipoona niko wa kwanza kwenye foleni akasema, "Nyanya, umri wako hatupimi tena." Nikamwambia nina miaka themanini na miwili, sikuja kuulizwa umri, nimekuja kuvua. Akasema basi atanitazama tu ili wengine wasiogope. Nikapanda. Waliniwekea huo mdomo wa bata, ukauma kidogo, wakapaka siki ya kuonyesha seli mbaya, kana kwamba wanatengeneza kachumbari, akamulika, akatazama, akasema, "Nyanya uko sawa, vaa."

Nikamuuliza, imekwisha? Akasema imekwisha. Nikatazama saa ya ukutani, nikamwomba aniache nikae kidogo. Alidhani nimeumia. Ilikuwa dakika tatu, Moraa. Nilimnyima mwanangu dakika tatu.

Nyanya yako